Zulia Limepauka: Kulirudishia Rangi, na Sababu Zinazofanya Rangi Igome

Simu huwa inaanza hivi: "Fundi, zulia limemwagikiwa na jiki kidogo tu." Kidogo hicho ukikiendea unakikuta kina upana wa sinia, kiko katikati ya sebule, na mwenye nyumba ameshakisugua kwa sabuni, kwa siki na kwa ndimu. Mtoto wa nyumbani naye ameshajaribu rangi ya viatu. Baada ya hapo ndipo naitwa mimi.

Kosa linalojirudia katika kazi hii ni la macho kabla ya kuwa la mkono. Mtu anaangalia doa, kisha anakwenda kutafuta rangi inayofanana na zulia. Zulia ni kahawia, ananunua kahawia, anaipaka juu ya doa la rangi ya chungwa, anapata chungwa lililokolea. Doa lililopauka halina haja na rangi ya zulia. Linataka ile rangi iliyoondoka. Karibu kila tatizo lililoko hapa chini linarudi kwenye hilo, au kwenye swali la pili ambalo watu hawaliulizi kabisa: uzi wa zulia lenyewe ni wa nini?

Doa lipo, lakini hujui kama rangi imeondoka au kuna kitu kimeongezeka

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kigandamize juu ya doa kwa dakika moja au mbili bila kusugua. Kikitoka na rangi ya chai, ya juisi au ya mchuzi, hapo kuna kitu kimeongezeka. Endelea kusafisha, weka chupa za rangi pembeni. Ukitia rangi juu ya uchafu unakuwa umeufungia uchafu humo humo.

Binzari ndiyo inayodanganya wengi. Mchuzi umemwagika, doa ni la njano, mama wa nyumba anapiga sabuni ya unga, doa linageuka jekundu kama damu. Anadhani sabuni imekula rangi ya zulia. Haijala kitu: binzari ikikutana na kitu chenye magadi hubadilika kuwa nyekundu, ndivyo ilivyo. Suuza kwa maji yenye siki kidogo, itarudi njano, kisha lipeleke zulia juani. Jua hulila doa la binzari kuliko dawa nyingi za dukani.

Doa la kahawia linalojitokeza siku moja au mbili baada ya kuosha, hasa mahali palipolowa mno, nalo si la kutiwa rangi. Mazulia mengi ya kufumwa kwa mashine yana nyuzi za juti upande wa chini, nyuzi zilezile za magunia. Maji yakikaa humo, juti hutoa rangi yake ya kahawia, na kadiri zulia linavyokauka rangi hiyo hupanda na maji hadi kwenye ncha za juu. Pulizia siki iliyozimuliwa, kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji, gandamiza kwa taulo kavu, halafu kausha haraka kwa feni. Mombasa au Dar wakati wa masika, zulia zito likiachwa sakafuni bila feni linaweza kukesha siku mbili likiwa bichi, na doa litarudi.

Mkojo wa mtoto au wa paka uko katikati ya mambo haya mawili. Unaongeza kitu, yaani chumvi na harufu, na ukikaa muda mrefu unageuka kuwa na magadi na kubadilisha rangi ya uzi wenyewe. Hapo kuna kazi mbili na hazibadilishani zamu: safisha kwanza mpaka harufu iishe kabisa hadi upande wa chini, ndipo uone rangi iliyobaki ni ipi.

Kitambaa kikitoka cheupe kama kilivyoingia, na doa liko palepale, basi rangi imeondoka. Tuendelee.

Hujui uzi ni wa nini

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Lebo ikiwepo, isome: imeshonwa nyuma kwenye kona. Mazulia mengi yanayouzwa Kariakoo na Eastleigh ni ya Uturuki, na mji wa Gaziantep ndio makao makuu ya mazulia ya mashine huko. Ukiona herufi PP au neno polipropilini, aina mojawapo ya uzi wa plastiki, jua kwamba rangi haiwezi kuingia. Nitalieleza hilo chini.

Lebo isipokuwepo, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo uliojificha chini ya kabati. Tia ya kwanza kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni na uibonyeze kwa kidole ili hewa itoke. Ikiibuka na kuelea, ni polipropilini, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Sufu, nailoni, poliesta na pamba zote huzama.

Ya pili ishike kwa koleo dogo juu ya sinki na uiwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hauendi mbali, na majivu yake yanapondeka kwa vidole. Pamba hunuka karatasi na huacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka kwa moshi mweusi na harufu yenye utamu fulani. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu lisilopondeka. Polipropilini hunuka mshumaa uliozimwa. Usijaribu moto huu karibu na zulia lenyewe. Naandika hili kwa sababu kuna aliyeshajaribu.

Matokeo yake ni haya. Sufu na nailoni hupokea rangi nyumbani kwa siki na joto, kwa rangi zinazoitwa rangi za asidi. Pamba hupokea rangi za nguo za pamba, lakini hizo zina taratibu zake. Poliesta, na mazulia mengi ya manyoya marefu ni ya poliesta, hutaka rangi za aina nyingine na joto la kiwandani la karibu nyuzi joto 130 ndani ya mtambo uliofungwa. Sebuleni utapata kivuli tu. Polipropilini haipokei chochote.

Kuna faida ya pembeni hapa. Polipropilini hutiwa rangi ikiwa bado ni plastiki ya kuyeyuka, kabla haijawa uzi, kwa hiyo rangi iko ndani ya uzi wote na jiki ya kawaida haiigusi. Kama zulia lako ni la polipropilini na una doa jeupe baada ya kufua, usiilaumu jiki haraka. Mara nyingi ni sabuni iliyoganda. Suuza kwa maji ya moto kiasi mara tatu, piga brashi, kausha. Wateja kadhaa nimewarudishia zulia lao bila kutumia hata tone la rangi, na wengine hawakufurahi kulipia "maji matupu".

Zulia la sufu au nailoni lina doa la chungwa, njano au jeupe baada ya jiki

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kahawia, kaki, rangi ya mchanga, kijivu, damu ya mzee: zote hupatikana kwa kuchanganya njano, nyekundu na buluu kwa vipimo tofauti. Jiki haizilambi zote tatu kwa kasi moja. Mara nyingi buluu ndiyo ya kwanza kuondoka, nyekundu inafuata, na njano inang'ang'ania hadi mwisho. Ndiyo maana zulia la kahawia likimwagikiwa doa huwa la chungwa kwanza, kisha njano, na likikaa zaidi linakuwa jeupe kama mfupa.

Kwa hiyo lisome doa. Kama ni la chungwa, buluu imekwenda: rudisha buluu. Kama ni la njano, buluu na nyekundu zimekwenda: rudisha zambarau hafifu. Kama lina uwaridi, linataka buluu na njano, yaani kijani kidogo, na mteja akikuona unapaka kijani kwenye zulia lake la kahawia atashika kichwa, mwambie asubiri. Kama ni jeupe kabisa, unaanza na njano, unafuata na nyekundu, unamaliza na buluu, kila moja kwa safu nyembamba.

Lakini kabla ya tone la kwanza, jiki lazima ife. Maji peke yake hayaimalizi haraka. Suuza kwa maji baridi, nyonya kwa taulo, rudia mara nne tano. Kisha tumia sodiamu thiosalfeti, unga ule wa fuwele unaotumiwa na wasafishaji wa picha za filamu na wafugaji wa samaki wa mapambo kuondoa klorini: kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, loanisha doa, subiri dakika kumi, suuza tena kwa maji matupu na unyonye vizuri. Usuuzaji huu wa mwisho watu huuruka. Thiosalfeti iliyobaki ikikutana na siki hutoa gesi yenye harufu kali ya kiberiti, na huacha unga wa salfa kwenye uzi.

Na kubwa kuliko hayo: usimwage siki wala ndimu juu ya doa ambalo bado lina jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayokwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Amonia na jiki nazo haziwekwi pamoja. Fungua madirisha, vaa glavu, watoto wakae nje.

Unajuaje kwamba jiki imekufa? Chovya kijiti cha sikio kwenye rangi iliyozimuliwa sana, gusa nukta moja katikati ya doa, kanywe chai. Ukirudi baada ya robo saa na nukta imefifia au imetoweka, jiki ingali hai. Rudia thiosalfeti.

Kwenye sufu angalia pia afya ya uzi. Jiki huila sufu yenyewe, sio rangi yake tu. Ukivuta uzi ukakatika kama nywele za mgonjwa, au pale penye doa pamekuwa laini na kuteleza, uzi umekufa na rangi haitaufufua. Hapo ni kiraka.

Sasa rangi. Tafuta rangi za asidi za unga, njano, nyekundu na buluu, kwa wauza kemikali za viwandani au kwa wanaotia rangi nyuzi za sufu. Gramu moja kwenye kikombe cha maji ya moto, koroga, weka kila rangi kwenye chupa yake na uandike jina. Huu ni mzizi. Hauendi kwenye zulia hivyo ulivyo. Chukua kijiko kimoja cha mzizi, zimua kwa vijiko kumi vya maji ya moto, ongeza kijiko kimoja cha siki nyeupe. Jaribu kwenye uzi uliochomoa ukingoni, au mahali palipojificha.

Rangi za chakula nazo ni rangi za asidi, na hushika kwenye sufu na nailoni kwa siki na joto. Kwa doa la ukubwa wa shilingi chini ya meza ya kahawa, zinatosha. Mbele ya dirisha hazitamaliza mwaka, jua litazila.

Loanisha doa kwa maji yenye tone la sabuni, kisha nyonya mpaka liwe na unyevu tu. Chukua bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake, tonesha rangi katikati ya doa, na uisukume kwa brashi ndogo kuelekea kingoni, ukipunguza nguvu kadiri unavyokaribia sehemu nzima ya zulia. Hakikisha imeshuka hadi kwenye mizizi ya uzi. Ukipaka ncha tu, mtu akipita doa litafumbuka. Funika kwa kitambaa cheupe kibichi, shikilia pasi ya mvuke juu yake kidogo bila kuikandamiza, dakika mbili au tatu. Acha ipoe. Nyonya. Angalia.

Uzi ulioloa huonekana umekoza kuliko ulio mkavu, kwa hiyo usiamue ukiwa bado unachuruzika. Kausha kwa mashine ya nywele sehemu ndogo, linganisha na zulia ukiwa umesimama, kwa mwanga wa mchana. Ukipiga magoti na kulikodolea kwa tochi utaona kasoro ambayo hakuna mgeni atakayeiona, na ukijaribu kuirekebisha ndipo utaharibu. Safu tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Rangi huongezwa kirahisi. Kuipunguza ni shughuli nyingine kabisa.

Rangi haishiki, inatoka yote kwenye kitambaa

Kama uzi ni poliesta au polipropilini, jibu umeshalipata, usipoteze siki yako.

Kama ni nailoni na rangi inateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, huenda zulia lilitiwa dawa ya kuzuia madoa kiwandani. Dawa hiyo hukalia nafasi zilezile ambazo rangi za asidi hujishikiza, ndiyo kazi yake. Osha sehemu hiyo kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo, iache dakika kumi, suuza vizuri, kisha rudisha ukali kwa siki na ujaribu tena. Inaweza kuhitaji mara mbili.

Kama ni sufu na haishiki, sababu mara nyingi ni joto dogo au siki kidogo. Sabuni iliyobaki huua siki kimyakimya, maana sabuni nyingi zina magadi. Pasi iliyoshikiliwa sekunde kumi haitoshi.

Na kama umetumia pakiti ya rangi ya nguo kutoka dukani, soma mgongo wake. Nyingi ni za pamba. Rangi za batiki vilevile ni za pamba, na nyingi huchanganywa na kostiki, yaani magadi makali sana. Kostiki ikigusa sufu huiyeyusha. Nimeona zulia zuri la kurithi lenye shimo la umbo la chupa ya rangi. Sikuwa na la kufanya ila kutoa pole.

Rangi imeshika, lakini doa limekuwa kijani, zambarau au chungwa

Umerudisha zaidi ya kilichoondoka, au umerudisha kisichohitajika. Likielekea kijani, liguse kwa nyekundu hafifu sana. Likielekea zambarau, njano. Likielekea chungwa, buluu. Kila gusa huongeza giza kidogo, kwa hiyo huna nafasi ya kukosea mara nne.

Kama bado hujapitisha joto, unaweza kurudi nyuma: kitambaa cheupe chenye maji ya moto na magadi soda kidogo, gandamiza, badilisha upande, rudia. Magadi huilegeza rangi ya asidi. Baada ya joto kupita inalegea kwa shida, na utaondoa pia sehemu ya rangi ya asili iliyo jirani. Hapo kazi imekuwa kubwa kuliko ulivyoanza.

Watu wa haraka hujaribu kurudisha nyuma kwa jiki. Usifanye.

Duara jeusi limezunguka doa

Rangi yako ilivuka mpaka. Pale ambapo zulia bado lina rangi yake kamili, rangi mpya imejiongeza juu ya ya zamani, na ukingo umekuwa mweusi kama wanja. Husababishwa na maji mengi au brashi iliyofika kingoni ikiwa bado imejaa. Siki ikiwa nyingi tangu mwanzo huchangia: rangi hudaka uzi mara tu inapotua, kabla hujaisambaza. Zamu nyingine weka rangi bila siki kwanza, isambaze, ndipo upulizie siki juu yake.

Duara lililokwisha tokea, lisugue taratibu kwa kitambaa cha magadi ukizunguka ukingo tu. Kama uzi ni mrefu, mkasi mdogo wa kucha unaweza kupunguza ncha zilizokolea. Kidogo. Zulia si kichwa, nywele hazioti tena.

Ilikaa vizuri, baada ya wiki ikapauka upya

Sababu ni mbili kwa kawaida. Ya kwanza ni jiki ambayo haikuuawa mpaka chini. Imekaa kwenye kitako cha zulia, unyevu wa hewa ukaipandisha. Suuza upya, thiosalfeti, anza tena.

Ya pili ni dirisha. Kama doa liko kwenye mstari wa jua la jioni na zulia lote la upande huo limefifia ukilinganisha na lililo chini ya kochi, basi huna doa, una zulia lililopigwa na jua. Inua kochi uone. Kutia rangi mahali pamoja katikati ya uwanja uliofifia kutaacha alama mpya. Zungusha zulia nusu duara, tundika pazia zito, uendelee na maisha yako.

Madoa madogo ya chungwa ambayo hakuna aliyemwaga kitu

Hili huleta ugomvi nyumbani, maana dada wa kazi ndiye anayeshukiwa kwanza. Muulize kijana wa nyumba anapaka nini usoni. Dawa nyingi za chunusi zina benzoili peroksaidi, nayo hupausha nguo, mataulo, foronya na mazulia. Haifanyi hivyo papo hapo. Hukaa kimya kwenye uzi, kisha siku ya kuosha zulia kwa maji ya moto, au siku ya joto na unyevu, ndipo doa linatokea, wakati hata aliyedondosha ameshasahau. Alama za vidole karibu na kitanda na kioo ni ushahidi tosha. Dawa ya kubadili rangi ya nywele nayo ina peroksaidi, kwa hiyo anayesuka na kutia watu rangi sebuleni atandike plastiki.

Benzoili peroksaidi haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo sababu ni sugu. Osha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, ukijua kwamba doa linaweza kuongezeka kidogo kabla ya kutulia. Lipe wiki mbili. Likiwa halijakua tena, lisome rangi yake kama nilivyoeleza na ulitibu. Mara nyingi linataka buluu peke yake.

Mahali pamekuwa pagumu, peusi au pametoboka

Kaa la udi limeruka kutoka kwenye chetezo, pasi imeanguka, au betri ya sola iliyokaa pembeni ya televisheni imevuja. Rangi haihusiki na lolote kati ya haya. Plastiki iliyoyeyuka haipokei kitu, na asidi ya betri huozesha pamba na nailoni mpaka zinakatika zenyewe. Kwa asidi, mwagia kwanza magadi soda mengi hadi povu liishe, kisha maji, ukiwa na glavu. Kaa dogo kwenye sufu lina nafuu: sufu haiyeyuki, huungua juu tu, na unaweza kukwangua weusi kwa wembe ukakuta uzi mzima chini yake.

Palipobaki pagumu ni kiraka. Kata kipande cha umbo lilelile kutoka ukingo ulio chini ya kabati, upande uleule wa kulala kwa uzi, kishone au kigandishe kwa gundi ya moto upande wa chini. Uzi ukilala kinyume, kiraka kitaonekana kutoka mlangoni hata kama rangi ni ileile.

Ni polipropilini na kweli imepauka

Hutokea, kwa jua la miaka mingi au kwa kemikali kali zaidi ya jiki. Usiipige pasi: huyeyuka kwenye nyuzi joto za 160 hivi, na pasi ya pamba hupita hapo. Kinachowezekana ni kupaka juu tu, kwa kalamu ya kudumu au rangi ya akriliki ya kitambaa iliyozimuliwa, uzi kwa uzi, kwa doa dogo. Ni vipodozi. Vitatoka kwa miguu na kwa kila safari ya kuosha, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Zulia la mita mbili kwa tatu la aina hiyo likiwa na doa kubwa katikati, huwa nampa mwenye nyumba bei ya kiraka, kisha namwonyesha mahali ambapo meza ya kahawa ingekaa. Wengi husogeza meza.